Sekunde Tano Mbele za Watu

Refa akishamkabidhi mchezaji mpira wa mtupo huru, kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinampa sekunde 5. Hakuna wa kumkaba, hakuna mkono usoni. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Ringi iko juu mita 3.05, upana wake wa ndani ni sentimita 45, na mpira wa wanaume una kipenyo cha sentimita 24 hivi, kwa hiyo mipira miwili ikipangwa ubavu kwa ubavu inakaribia kupita kwa pamoja. Kwenye karatasi, jambo la mtoto. Uwanjani, watu wazima wenye mishahara ya kutisha hulikosa, tena mbele ya halaiki.

Nimeliandika jambo hili kama mabishano kwa sababu hapa Dar es Salaam ndivyo linavyoishi. Kaa jioni pembeni ya viwanja vya JMK Park, pale Kidongo Chekundu, palipofunguliwa mwaka 2015, na baada ya muda mfupi utasikia watu wakigombana kuhusu kijana fulani anayefunga au asiyefunga: ana kipaji, hana nidhamu, hana akili ya mchezo, hana pa kufanyia mazoezi. Sauti nne nilizozipanga hapa nimezipa majina ya shughuli zao. Kila moja inabeba upande ambao una watetezi wenye midomo mikali katika mitaa hii. Mimi nimejiachia ruhusa ya kuingilia.

KOCHA: Tuanze na ugonjwa wa mji huu. Mtu akimwona kijana mrefu anakatiza Mtaa wa Mchikichi, anamwambia, "Wewe, nenda kacheze basketi." Urefu tu! Tumelewa urefu tangu enzi za Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, kaanza kushika mpira akiwa na miaka 15 hivi, kapita sekondari ya Makongo, kafika Chuo Kikuu cha Connecticut, na tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies wa ligi ya NBA ya Marekani wakamchagua kuwa wa pili katika wachezaji wote wapya wa mwaka ule. Kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 26. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Sasa endelea kuisoma orodha ile mpaka namba saba. Utamkuta Stephen Curry, mwembamba, wala si mrefu kwa vipimo vya kule. Leo ukiuliza mtupaji bora duniani ni nani, hata muuza kahawa anakutajia yeye. Kilichomfikisha pale hakipimwi kwa futi. Ni tabia.

MUUZA RABA: Shikamoo, kocha.

KOCHA: Marahaba, mwanangu. Unapinga?

MUUZA RABA: Curry simpingi, napinga mahubiri. Baba yake, Dell, alicheza NBA misimu 16, naye sifa yake ilikuwa kutupa kutoka mbali. Mtoto kakulia ukumbini: mpira upo, ringi ipo, na wa kumrudishia mpira yupo. Mimi saa kumi na mbili asubuhi niko soko la Karume nasubiri balo la viatu lifunguliwe, tugombanie vile vizuri. Saa tatu nimeshapanga raba Mtaa wa Kongo. Kutwa nzima nimesimama juani. Jioni nikifika hapa, ringi moja ina watu kumi na watano na mpira mmoja, na jua linazama. Nikipata mitupo ishirini, nimebahatika. Halafu mtu mwenye saa ya kuamka anakuja kuniambia sina tabia!

Hapa naingilia mapema, kwa sababu makocha wengi hulipita jambo hili mbiombio. Mtu anayefanya mazoezi peke yake na mpira mmoja hutumia muda mwingi kuukimbilia kuliko kuutupa. Akikosa, mpira unaruka mpaka kwenye uzio. Akirudi, mkono umepoa na jicho limesahau. Wenzake wakiwa wengi, anangoja zamu. Masika yakiingia, sakafu ya saruji inalowa na mazoezi yanalala. Upepo wa kusi nao haumjali mtu anayetupa kutoka mita 6.75, ulipo mstari wa pointi tatu. Ratiba za mazoezi zilizoandikiwa watu wenye kumbi na mashine za kurudisha mpira zinamwacha msomaji wa Kariakoo akicheka peke yake. Neno "tabia", likitamkwa na mwenye ukumbi kwa asiye na ukumbi, huwa njia ya adabu ya kumlaumu mtu kwa umaskini wake. Katika hilo niko upande wa muuza raba. Lakini kocha hakuwa amemaliza.

KOCHA: Ishirini hizo unazitupaje?

MUUZA RABA: Kivipi?

KOCHA: Nakutazama kila jioni, usidhani sikuoni. Kumi unatupa kutoka karibu na nusu ya uwanja, ili mmoja ukiingia watu wapige kelele. Tano unatupa kwa mguu mmoja huku umeegemea nyuma. Mbili unatupa ukiongea na mtu. Inayobaki ndiyo mitupo. Mimi sijakudai mia tano kwa siku. Nataka hizo ishirini zifanane. Miguu ile ile, kiwiko chini ya mpira, mkono ubaki juu mpaka mpira ufike. Umaskini haujakukataza kufananisha.

MUUZA RABA: Hapo sina jibu la haraka.

MWANACHUO: Naomba niongeze kidogo upande wa kitaalamu.

MUUZA RABA: Karibu, dokta.

MWANACHUO: Chuo cha Muhimbili bado hawajanipa hilo jina, kaka. Ni hesabu ndogo tu. Mpira ukiingia kwa kushuka nyuzi 45, upana wa ringi unaoukabili ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, upana unabaki sentimita 22 na nusu, na mpira ni 24. Hapo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Mtu akitupa bapa anajifungia mlango mwenyewe.

KOCHA: Na mwenye woga hutupa bapa! Nimewaona miaka mingi. Mazoezini mpira unapanda, unaning'inia, unashuka taratibu. Siku ya mechi mkono unagoma kunyooka, mpira unakwenda kama umerushwa dirishani.

MWANACHUO: Kitu cha pili ni macho. Joan Vickers, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada, mwaka 1996 alichapisha utafiti alioufanya kwa kuwavalisha watupaji kifaa cha kufuatilia mboni zao kwenye mitupo huru. Waliokuwa hodari zaidi waliliweka jicho mahali pamoja kwenye ringi, wakaliacha pale kama sekunde moja kabla ya kutupa. Wasio hodari kama hao macho yalitangatanga. Hakuna uchawi. Unachagua sehemu moja ya chuma, unaitazama, ndipo mkono unaondoka.

MUUZA RABA: Hiyo angalau haihitaji kodi ya uwanja.

MWANACHUO: Kuna mzee mmoja wa California, Tom Amberry, daktari wa miguu aliyestaafu. Ujanani alicheza kikapu, akaacha, akarudi kwenye mstari wa mitupo huru uzeeni. Novemba 1993, akiwa na miaka 71, aliingiza mitupo huru 2,750 mfululizo kwa muda wa saa 12. Hakukosa. Alisimamishwa kwa sababu ukumbi ulitaka kufungwa. Utaratibu wake ni mfupi kabisa: panga miguu sawasawa kwenye mstari, dundisha mara tatu huku ukiangalia tundu la kujazia upepo, weka kidole gumba mahali pale pale, kiwiko ndani, kunja magoti, tupa. Katika sekunde zile hakuwa na nafasi ya kufikiri jambo lingine.

MUUZA RABA: Mstaafu! Ana pensheni, ana ukumbi, hana kusi, hana mtu anayemwambia "toka, zamu yetu". Nipe pensheni, nami nitakuwa na utaratibu.

NAHODHA: Kocha, kaka zangu, mmeongea muda wote huu, hakuna aliyetaja watu.

KOCHA: Watu gani, nahodha?

NAHODHA: Wanaotazama. Huyo mzee wenu hakuwa na wa kumzomea. Mimi nilipoanza kutoka nyumbani na suruali ya mazoezi na mtandio, kuanzia kona ya Mtaa wa Sikukuu mpaka hapa nilikuwa nakula maneno. Mtoto wa kike anakwenda kurukaruka wapi? Shangazi alikuwa anafuatwa mpaka dukani kuambiwa. Na kanuni zenyewe zilikuwa upande wao: mpaka mwaka 2017 FIBA haikuruhusu hijabu kwenye mashindano yake. Mkutano wa Mei mwaka ule ndio uliopitisha, ikaanza kutumika Oktoba Mosi. Kabla ya hapo, binti aliyejisitiri alikuwa anaambiwa achague, kitambaa au mchezo. Sasa mtu aliyekatiza Kariakoo hivyo kila siku, akifika kwenye mstari ule aogope nini? Kukosa? Nilishalia machozi yangu njiani.

KOCHA: Ndiyo hiyo tabia ninayoisema.

NAHODHA: Hapana, kocha, samahani. Ukiita tabia utadhani nilizaliwa nayo. Mimi si jasiri kuliko huyu kaka. Nimezoea kutazamwa, basi. Wakati wengine wanajifunza kutupa, mimi nilikuwa najifunza kutazamwa, na kutupa nikajifunza baadaye.

Tangu nianze kupima hoja hizi, hii ndiyo iliyonikamata, na nitakaa juu yake. Tunazoea kusema mtu amekosa kwa sababu "hana akili ya mchezo" au "hajiamini". Ni maneno mepesi, hayamfundishi mtu la kufanya kesho yake. Kinachomkuta mtu kwenye mstari kina jina jepesi zaidi katika mitaa hii: aibu. Mchezo wote umesimama, wachezaji tisa wamepanga mistari wanakutazama, jukwaa linakutazama, na ukikosa hakuna wa kumsingizia. Katika mbio na purukushani unaweza kusema ulisukumwa. Pale umesimama peke yako.

Mchukue Nick Anderson wa Orlando Magic. Mechi ya kwanza ya fainali za NBA, Juni 1995, dhidi ya Houston Rockets. Timu yake inaongoza kwa pointi 3, zimebaki sekunde chache. Anapewa mitupo huru miwili, anakosa yote. Mpira unamrudia mwenyewe, anachezewa rafu tena, anapewa mingine miwili, anakosa yote. Kenny Smith wa Houston anafunga pointi tatu, mchezo unakwenda muda wa nyongeza, Orlando wanapoteza, na hatimaye wanafagiwa mechi nne kwa sifuri. Mpaka hapo ni ajali ya usiku mmoja. Lakini msimu ule alikuwa akiingiza mitupo huru kwa takribani asilimia 70. Miaka miwili baadaye, msimu wa 1996-97, ilishuka mpaka asilimia 40 na ushei. Mkono haukuvunjika. Mita 4.6 hazikuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kila akisimama pale, watu wote ukumbini walijua anakumbuka nini.

MWANACHUO: Wanasaikolojia wana maelezo. Mtu stadi akiona anatazamwa sana anaanza kuusimamia mkono ambao ulishajua kazi yake. Kiwiko kiko wapi? Kidole je? Anaurudisha mwili darasa la kwanza. Ndiyo sababu utaratibu unasaidia: unaipa akili kazi ndogo, kama kuhesabu midundo mitatu, ili isiuingilie mkono.

NAHODHA: Kwa lugha ya huku, unapata cha kufanya wakati unatazamwa. Mtu asiye na cha kufanya ndiye anayeona macho ya watu.

MUUZA RABA: Basi mimi ningekuwa bingwa. Kutwa natazamwa, napiga kelele, nakataliwa. Watu mia wanapita, wanashika raba, wanaikunja, wanasema bei mbaya, wanaondoka. Sijawahi kulala na huzuni kwa sababu hiyo.

NAHODHA: Enhe! Na jioni unafanya nini?

MUUZA RABA: Nahesabu. Pea zilizotoka, zilizobaki, niliyouza kwa hasara. Naandika kwenye daftari.

NAHODHA: Na za hasara unaandika?

MUUZA RABA: Nisipoandika nitakula mtaji.

NAHODHA: Haya, jana kwenye mstari umeingiza mitupo huru mingapi kati ya mingapi?

MUUZA RABA: Kama... mingi mingi hivi.

NAHODHA: Mingi mingi! Ungeniletea daftari la biashara limeandikwa "mingi mingi" ningekukopesha? Kaka yangu, kwenye meza yako huna aibu ya kukataliwa, na hasara unaiandika. Ukivuka barabara kuja hapa unakuwa mtu mwingine. Unatupa kutoka nusu ya uwanja kwa sababu pale hakuna anayekutegemea uingize. Ukikosa hakuna anayehesabu. Kwenye mstari unahesabiwa, ndiyo maana huendi.

Sina la kuongeza kwa upande wa muuza raba. Alipigwa na silaha yake mwenyewe. Ila niseme namna ya kuhesabu, kwa kuwa wengi huhesabu kwa kujipendelea. Mchezaji anasimama kwenye mstari akiwa amepumzika, anatupa hamsini mfululizo, mkono unapata moto, anaondoka na asilimia ya kujivunia. Kwenye mechi hakuna hamsini mfululizo. Kuna miwili, mapafu yanawaka, jasho limeingia machoni, kisha unakimbia dakika nane kabla ya kurudi pale. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya miwili miwili: tupa miwili, kimbia uwanja kwenda na kurudi, tupa miwili, andika. Ishirini za namna hiyo, tena mbele ya wenzako wanaongoja zamu, zina faida kuliko mia mbili za asubuhi tulivu. Na hapo lawama ya muuza raba kuhusu uhaba wa ringi inageuka kidogo, kwa sababu wale kumi na wanne wanaomngoja, wanaomkera, ndio jukwaa ambalo mzee wa California hakuwa nalo. Hata hivyo sitaki serikali ya mtaa inisome vibaya. Ringi ziongezwe.

KOCHA: Kwenye kuhesabu tuko pamoja. Mimi kwangu, anayekosa anakimbia mizunguko miwili. Anajifunza.

NAHODHA: Anajifunza kuficha, kocha. Tulikuwa tunaambiana "sema saba", wakati umeingiza tano. Ukimwadhibu mtu kwa kukosa, hutapata hesabu yake ya kweli mpaka unazeeka.

KOCHA: Mechi yenyewe inaadhibu! Ukikosa unapoteza. Nisipomzoesha maumivu, atayazoea wapi?

NAHODHA: Mechi inaadhibu mara moja, na hailazimishi mtu kusema uongo.

MWANACHUO: Kocha, huyo Curry uliyemtaja mwanzoni ana kisa kinachomsaidia nahodha. Akiwa sekondari alikuwa tayari anafunga, lakini alikuwa mdogo wa mwili na mpira wake ulitokea chini, karibu na kiuno. Baba yake akamwambia mtupo ule utazuiwa mbele ya safari. Likizo moja ya kiangazi wakaubomoa mtindo wote na kuujenga upya, mpira utokee juu. Kwa wiki kadhaa kijana hakuweza kufunga kutoka mbali. Mwenyewe amesimulia kwamba alilia. Aliyekuwa anajua akawa kama hajui, watu wakimwona. Kama kila kosa lingekuwa na mizunguko miwili, angerudi kwenye mtindo wa zamani siku ya pili.

KOCHA: Baba yake hakumpigia makofi pia.

MWANACHUO: Hakumpigia. Alimwacha akose.

Kocha hakukubali, na sidhani kama atakubali. Shule yake ni ya zamani na imetoa wachezaji. Lakini alipotajiwa Thabeet tena alilainika. Kijana yule alifika NBA miaka saba tu baada ya kuanza mchezo. Februari 2010 Memphis walimshusha kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, na wakati ule hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa hivyo. Mitupo yake huru katika misimu yake ya NBA ilikuwa chini ya asilimia 60. Mitaani tulikuwa na haraka ya kumcheka kama tulivyokuwa na haraka ya kumshangilia, na wengi waliocheka hawajawahi kuandika asilimia yao wenyewe popote. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 alijifunza kutupa akiwa tayari chini ya taa, bila zile wiki za kukosa bila kuonwa na dunia. Hilo nadhani lina uzito kuliko hadithi zote za uvivu na ulaini tulizompachika.

MWANACHUO: Kama ni aibu, basi kisa chake kikubwa ni cha Wilt Chamberlain. Tarehe 2 Machi 1962, Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mechi moja. Rekodi hiyo ipo mpaka leo. Usiku ule aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32, na alikuwa anatupa kutoka chini: mikono miwili, mpira katikati ya mapaja, unaupandisha taratibu. Msimu ule alifikisha asilimia 61. Kisha akaacha mtindo ule, akarudi kutupa kwa juu, na akamaliza maisha yake ya mchezo na asilimia 51. Kwa nini aliacha? Aliandika mwenyewe baadaye: alijiona kama mtu legelege. Akakiri kwamba alijua anakosea. Rick Barry, aliyeng'ang'ania kutupa kutoka chini mpaka mwisho, alistaafu na karibu asilimia 90. Walimcheka wote.

MUUZA RABA: Jitu la mita 2.16, linaogopa kuchekwa!

NAHODHA: Wewe una ngapi?

MUUZA RABA: Mita?

NAHODHA: Asilimia, kaka.

KOCHA: Ninayo mimi. Nilimhesabia Jumamosi bila yeye kujua. Mitupo kumi, minne imeingia.

MUUZA RABA: Kocha, hiyo ni siri ya nyumbani!

KOCHA: Sasa sikiliza. Umesema huna uwanja, ni kweli. Huna muda, ni kweli. Ila kutupa kutoka chini hakuhitaji nguvu nyingi, na wewe ukifika hapa mabega yameshachoka kwa kubeba balo. Mikono miwili inasaidiana, mpira unapanda juu, unashuka umetulia. Kwa mtu wa hali yako ndio mtupo unaofaa. Nipe mwezi mmoja.

MUUZA RABA: Kutoka chini? Hapa? Kocha, wale vijana wa Mtaa wa Sikukuu wataniita bibi mpaka mezani kwangu. Nitauzaje?

KOCHA: Mwezi mmoja, na unaandika.

MUUZA RABA: Wiki mbili.

KOCHA: Tatu.

MUUZA RABA: Mbili na nusu, nianze asubuhi kabla hawajaja.

KOCHA: Asubuhi uko Karume, umesema mwenyewe. Jioni. Wakiwepo.

MUUZA RABA: Jioni, sawa. Ila nahodha naye atupe kutoka chini, nisiwe peke yangu.

NAHODHA: Mimi naingiza nane kati ya kumi kwa juu, sina sababu. Lakini nitasimama chini ya ringi nikurudishie mpira. Leta daftari.